UZI: Makablasha hayajabadilisha AMCOS zetu (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) huku Kusini. Wanachama wapewe nafasi ya kusimulia

#1 Mkorosho Mzee (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tandahimba. Nina jambo limenikaa moyoni tangu msimu wa korosho uliopita. Nitaliandika kwa urefu, naomba mnivumilie.

Kazi yangu ni ugani. Nazunguka vijijini na pikipiki nikifundisha kupulizia salfa kabla ubwiriunga haujakamata maua, kupogolea, kufagia chini ya mkorosho, kuanika. Kwa kazi hiyo nimehudhuria mikutano mikuu mingi ya vyama vya msingi na karibu yote inafanana. Meza kuu inasoma kablasha: kilo zilizokusanywa, makato, madeni ya pembejeo, unyaufu (uzito unaopungua korosho zikikaa ghalani), hoja za wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika. Wanachama wanasikiliza kwa heshima. Wazee wawili watatu wanauliza walichouliza mwaka jana. Dua inasomwa, watu wanapanda baiskeli wanaondoka. Msimu ukifika korosho zinaletwa ghalani na unyevu ule ule na kokoto zile zile, na chama kinalalamikiwa kwa daraja la pili lile lile.

Chama kimoja, jina naliacha, kilibadilisha utaratibu kidogo. Kabla ya taarifa ya bodi, mama mmoja mwenye mikorosho michache aliombwa aeleze jinsi mzigo wake ulivyopanda daraja. Hakuwa na karatasi. Alisema msimu wa nyuma mzigo wake ulirudishwa mzanini watu wakiona, akabeba magunia yake kurudi nyumbani akiwa amejifunika khanga usoni. Safari hii alichangishana na majirani wakanunua turubai. Wakawa wanaanika kwa zamu, jioni wanakunja kabla umande haujashuka, watoto wanachambua mbovu na mawe. Alikuwa hapeleki ghalani mpaka achote konzi, aitikise sikioni na aisikie inalia. Siku ya kupima alisimama pale pale mpaka karani alipoandika, akamwomba amsomee kilichoandikwa.

Basi. Hakuchukua hata robo saa. Lakini ukumbi uliamka. Mvua za Novemba zilipoanza mlifanyaje? Turubai linakaa kwa nani? Mabibo mnayanyofoa shambani au nyumbani? Mwenyekiti alitaka kuendelea na ajenda, watu wakamwomba asubiri. Halafu mzee mmoja akauliza swali ambalo halijawahi kuwemo kwenye kablasha lolote: "Wewe karani alikusomea. Sisi wengine mbona mzani uko ndani, hatuoni kinachoandikwa?" Kimya kikapita. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na mwisho wake bodi ilikubali mzani ukae barazani na karani asome uzito kwa sauti. Msimu uliofuata niliuona mwenyewe upo barazani. Kwenye kitongoji cha yule mama kulikuwa na maturubai ambayo hakuna afisa aliyeyahimiza.

Mimi nilikuwa nimefundisha uanikaji pale pale kwa vipeperushi vizuri vyenye picha. Ndipo nikaanza kutafuta kwa nini kisa cha mtu mmoja kinafanya kazi ambayo mafunzo hayafanyi.

Nilikutana na habari za Stephen Denning, raia wa Australia aliyekuwa mkurugenzi wa kanda ya Afrika Benki ya Dunia. Mwaka 1996 alitolewa kwenye nafasi hiyo akaambiwa aangalie mambo ya taarifa, kazi ambayo hakuna mkubwa aliyeitamani. Aliona benki hiyo ina maarifa mengi yaliyolala makabatini. Akachora michoro, akaonyesha, wenzake wakatazama wakaenda zao. Kilichowagusa ni kisa kifupi. Juni 1995 mhudumu wa afya katika mji mdogo wa Zambia aliingia kwenye intaneti, akafungua tovuti ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichoko Atlanta, akapata jibu la swali lake kuhusu kutibu malaria. Benki ya Dunia, pamoja na wataalamu wake wote wa umaskini, haikuwemo mahali popote katika kisa hicho. Denning hakuwaambia "mnapaswa kubadilika". Waliosikia walijiuliza wenyewe: mbona sisi hatumo? Kabla mwaka haujaisha rais wa benki, James Wolfensohn, alitangaza kwenye mkutano wa mwaka kwamba taasisi yake itakuwa benki ya maarifa.

Nikiviweka pamoja visa hivi viwili naona mambo yale yale. Anayesimuliwa ni mtu mmoja ambaye msikilizaji anamjua au anaijua kazi yake. Jambo limeshatokea, halipo kwenye mpango. Na kisa ni kifupi, hakikujaza kila kitu, kwa hiyo msikilizaji anaanza kujaza na mambo ya kwake: turubai langu, mvua ya kwangu, karani wetu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wote. Ukimpa mkulima maelezo kamili kuanzia mwanzo mpaka mwisho hujamwachia kazi ya kufanya.

Ninachoomba ni hiki: kila AMCOS ya Mtwara na Lindi ianze mkutano mkuu kwa visa vya wanachama wawili au watatu, visimuliwe na wenyewe, kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kiswahili, lugha anayoiweza msimuliaji. Maswali yafuate. Na kabla kablasha halijafunguliwa, bodi iseme jambo moja itakalolifanya kutokana na ilichosikia. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imeupa mkutano mkuu wa wanachama mamlaka ya juu katika chama. Tuutumie.

Naomba michango, hasa ya wanaopinga.

#2 Kijana wa Mahuta

Nimesoma yote. Kwetu mzani bado uko ndani na karani anaandika akiwa amekupa mgongo. Nafuatilia.

#3 Mhasibu Masasi

Mkuu, umeomba wanaopinga, mimi mmojawapo.

Nimekagua hesabu za vyama kwa muda sasa. Mtu ambaye amekula fedha za wanachama mara nyingi ndiye anayesimulia vizuri kuliko wote ukumbini. Atasimama aeleze gari lilivyoharibika njiani, mvua ilivyoloanisha magunia, unyaufu ulivyotokea ghala kuu, mpaka akina mama wamwonee huruma. Kinachomkamata ni kablasha, kile kile unachosema kinalaza watu. Stakabadhi ya ghala inasema kilo kadhaa, daftari la chama linasema kilo kadhaa, tofauti ni hii. Tulipoingia kwenye stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao yakiwa ghalani kwa stakabadhi, msimu wa 2007/2008, lengo mojawapo lilikuwa kila kilo iwe na karatasi inayoifuata.

Pili, kisa cha mama mmoja hakigusi mjengeko wa bei. Anike vizuri asianike, makato ni yale yale. Mwaka 2018 wakulima walipokataa bei za mnada, na serikali ikaamua kununua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba, hilo lilikuwa suala la bei. Halikuwa suala la hadithi. Naogopa tukianza kusifia visa, viongozi watapata mahali pa kujificha: leo tusikilize ushuhuda wa mama fulani, habari ya makato tutajadili muda ukibaki.

#4 Mkorosho Mzee

Mhasibu, hoja yako ya kwanza naikubali na naibeba. Ndiyo maana nimesema visa vitangulie kablasha, wala visikae mahali pake. Mwanachama aliyeamka anaisoma hesabu kwa jicho jingine. Siku ile ya mzani, kablasha liliposomwa baadaye, maswali kuhusu unyaufu yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kusikia, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuzungumza juu ya mzani wenyewe.

Kuhusu 2018 nina mtazamo tofauti kidogo. Msimu uliotangulia bei iligusa 4,000. Huku kwetu kila mtu alikuwa na kisa cha jirani aliyeezeka bati au aliyelipa ada ya chuo kwa fedha ya msimu ule. Wakulima walipokataa bei ndogo mnadani walikuwa na mfano wa jambo lililowahi kutokea kwenye kijiji chao. Bei ilikuwa sababu, hilo sibishi, ila ujasiri wa kukataa kwa pamoja ulitoka kwenye walichokiona kwa jirani.

Hoja ya viongozi kujificha nyuma ya ushuhuda ni nzito. Nataka nisikie wengine kwanza.

#5 Dada wa Mikindani

Nchi yetu ilishafanya jambo hili kwa ukubwa, nashangaa tumelisahau.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba choo au kufukia madimbwi. Bibi yangu alikuwa kwenye kikundi. Anachokumbuka zaidi ni mabishano yaliyofuata redio ikizimwa, kuliko hata kilichosemwa redioni.

Halafu mwaka 1993 Radio Tanzania ikaanza mchezo wa Twende na Wakati. Wa umri wangu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo anachosimama, na mkewe Tunu nyumbani. Mchezo ulikuwa wa uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini sisi hatukuusikiliza kwa ajili hiyo. Tulitaka kujua Tunu atavumilia mpaka lini. Watafiti walipanga vizuri sana: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, wakalinganisha. Waliokuwa wanausikia walibadilika zaidi katika kutumia uzazi wa mpango na kujikinga, na wengi walisema wamezungumza na wenza wao juu ya mambo ambayo hayakuwa yakizungumzwa ndani ya nyumba.

Mbinu yenyewe ilitoka Mexico kwa mtunzi wa michezo ya televisheni, Miguel Sabido. Yeye alikuwa anaweka wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na anayeyumba katikati. Yule anayeyumba ndiye msikilizaji anayemfuata kwa sababu ndiye anayefanana naye. Sasa mkuu, kwenye AMCOS yako umempandisha jukwaani mwema peke yake. Wanaoyumba watakaa kimya wakijiona wakosefu. Ningependa nimsikie aliyeuza kwa kangomba, yaani aliyeuza kwa mlanguzi nje ya chama kwa bei ya kutupa.

#6 Babu wa Kivinje

Vijana, asanteni kwa mazungumzo mazuri. Mimi ni mtu wa Kilwa na nina neno la tahadhari.

Hakuna kisa kilichowahi kuwaunganisha watu wa Kusini kama kile cha maji, cha vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Kabla ya Julai 1905, watu walipong'oa pamba kule Nandete, Umatumbini, habari ilikuwa imeshatembea kijiji hadi kijiji kwa minong'ono na akida hajui. Kinjekitile, mganga wa Ngarambe, ameingia majini, amekaa humo, ametoka mkavu, na ana dawa. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro, mpaka Wangoni, watu ambao walikuwa na vita vyao wenyewe kwa wenyewe, wakasimama pamoja. Wajerumani walimnyonga Kinjekitile pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Viliendelea mpaka 1907 bila yeye. Waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Nilipokuwa mdogo wazee walikuwa wanasimulia mambo mawili pamoja na sisi tukiyasikia kama moja. La kwanza ni mashamba ya pamba ya lazima, viboko vya majumbe, malipo yasiyofaa kitu. Hilo waliliona kwa macho na migongo yao ilikuwa na alama. La pili ni kwamba risasi itageuka maji. Hilo waliahidiwa. Kilichowaunganisha ni la kwanza, na kilichowaua mbele ya bunduki za mzinga ni la pili. Mimi nawaheshimu sana wazee wale na sikubali mtu awaite wajinga.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni kusimulia, mumwulize kwa adabu: hili uliliona, au uliahidiwa? Siku hizi wanakuja watu na visa vya ufuta, vya mbaazi, vya miradi ya kuku, wanasimulia utajiri wa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

#7 Nachi Stesheni

Shikamoo babu. Umenigusa.

Mimi natoka Nachingwea na nakaa karibu na ilipokuwa stesheni ya treni. Wengi hamjui kwamba palikuwa na treni. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walipanga ekari zaidi ya milioni tatu. Wataalamu walikagua ardhi kwa muda mfupi, sehemu kubwa kwa ndege. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ya kina kirefu nayo ikajengwa kwa ajili ya karanga hizo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza inauacha mpango, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Reli nayo ikang'olewa miaka ya sitini.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo la pili. Gesi ya Mtwara ilipopangwa kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba na vurugu zikatokea mwaka 2013, Januari na tena Mei, watu wakapoteza maisha, viongozi walikuja na takwimu za manufaa. Watu wa Mtwara walikuwa na kumbukumbu. Reli iliyong'olewa. Viwanda vya kubangulia korosho vilivyojengwa miaka ya sabini, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia hiyo hiyo unayoisifia, mkuu, na vingi vikaishia kuwa maghala. Kila mzee alikuwa na kisa cha kitu kilichokuja na kuondoka. Huwezi kujibu kisa cha namna hiyo kwa asilimia. Mimi naamini kama kuna mkubwa angekuja mapema akakaa chini, akauliza "tusimulieni reli ilivyoondoka", akasikiliza mpaka mwisho, mazungumzo ya bomba yangekuwa mengine. Labda uamuzi usingebadilika. Lakini watu wangejua wamesikiwa.

Kusimulia kunakosemwa kwenye uzi huu kwangu mimi kuna nusu nyingine: mkubwa kukaa kimya.

#8 Ngalawa

Kwa upande wa baharini lilishafanyika na nitalieleza kwa kifupi.

Miaka ya themanini na tisini baruti ilikuwa inalia pwani hii asubuhi na jioni. Baruti inavunja matumbawe, inaua mpaka vifaranga, na samaki wengi wanazama, hawaokotwi. Kila mtu alijua nani anapiga, nani anauza baruti na nani anafumba macho. Kulisema peke yako ilikuwa hatari. Kwenye miaka ya tisini mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS uliokuwa unafadhiliwa na Finland ulikuja na kamera za video, wavuvi wakasimulia wenyewe, wakajitazama, wakaongeza. Kanda zikaonyeshwa vijiji vingine vya pwani. Mtu wa kijiji cha mbali anamwona mvuvi mwenzake anasema yale yale yaliyo moyoni mwake, anajua hayuko peke yake. Wakubwa nao wakaonyeshwa. Vijiji vya pwani kuanzia Mtwara, Lindi mpaka Kilwa vikaunda shirikisho la kupiga vita baruti, na baruti ikapungua sana.

Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hapo malalamiko yalikuwepo, na mpaka leo wapo wanaosema hifadhi ilisimuliwa na wataalamu. Samaki ni wale wale, bahari ni ile ile. Wavuvi walioianza vita ya baruti waliiona ni yao. Hifadhi wengi waliiona imeletwa.

#9 Chaki Newala

Naomba nilete la shule.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Waraka ulifika, tukaubandika ubao wa matangazo, tukausoma kwenye kikao cha wazazi. Hakuna mzazi aliyemleta binti. Walikuwa wanasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto akirudi atachekwa, na kwamba akishapita unyagoni na kuzaa ni mtu mzima tayari. Sikuwalaumu. Hakuna aliyekuwa ameona mtu aliyerudi.

Kilichofungua mlango ni dada mmoja aliyerudi, sitataja shule. Alikubali kuzungumza na akina mama peke yao, sisi walimu wanaume tukatoka nje. Sijui alisema nini. Ninachojua ni kwamba kungwi mmoja wa kijiji alikuwepo humo ndani, na yeye ndiye aliyekuja kuniuliza utaratibu wa kumrudisha mjukuu wake. Baada ya kungwi, wengine wakafuata.

Sasa hapa ndipo penye uchungu wangu. Muda mfupi baadaye kuna watu wa mradi walikuja na kamera wakimtaka dada yule yule. Walitaka asimulie alivyobakia nyumbani, alivyolia, alivyokosa maziwa ya mtoto. Walitaka alie. Alikataa, na nilisimama naye. Kisa alichokitoa kwa hiari mbele ya akina mama wa kijijini kwake kingekuwa bango barabarani Mtwara mjini, na mwanawe angekua akiliona. Mkorosho Mzee, pendekezo lako lina pengo hapo. Kisa ni mali ya mwenyewe. Aseme kiishie wapi, nani akisikie, na kama kitaandikwa, asomewe kabla hakijatoka. Akibadili mawazo kesho, kifutwe.

#10 Mkorosho Mzee

Nimesoma michango yote mara mbili. Nitajibu kwa pamoja, na mtaona pendekezo limebadilika.

Mwalimu Chaki, hilo la umiliki wa kisa naliingiza kama lilivyo. Katibu asiandike jina wala kisa bila idhini ya mwenyewe, na muhtasari wa mkutano ubebe tu jambo lililoamuliwa. Kisa cha yule mama mwenyewe nilimwomba ruhusa kabla ya kukiweka hapa. Alikubali kwa sharti la kutotaja kijiji.

Dada wa Mikindani, nakubaliana nawe kabisa, na hili ndilo lililonifanya nilale nikiwaza. Kangomba tunaipiga vita kwa matangazo na kwa kukamata. Mtu anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kumvunja mgongo, na sote tunasema hana akili. Niliwahi kukaa na mkulima mmoja akanieleza kwa nini aliuza: Julai mtoto amelazwa, mnada ni Oktoba, na chama hakina utaratibu wowote wa kumkopesha mwanachama katikati ya miezi hiyo. Kisa hicho kikisimuliwa mkutanoni, swali linaloibuka ni la chama: mwanachama wetu akiuguliwa Julai anakimbilia wapi? Jibu laweza kuwa mfuko mdogo, laweza kuwa kuunganishwa na VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya kijiji. Lakini kangomba ni kosa, na hakuna atakayesimama hadharani kujitaja. Kwa kisa cha namna hiyo nakubali kisimuliwe kwa niaba, na mtu aliyeaminiwa na mwenyewe, bila dalili zozote za kumtambulisha.

Babu, swali lako la "uliliona au uliahidiwa" naomba liwe la kwanza kuulizwa baada ya kila kisa. Mimi mwenyewe nitaliuliza kwenye mafunzo yangu, maana hata sisi maafisa tunafika na ahadi tulizopewa kwenye semina.

Mhasibu, ulisema viongozi watajificha nyuma ya ushuhuda, na wakichagua wao nani asimame, kweli watajificha. Kuna njia iliyoanzia Bangladesh miaka ya tisini, aliibuni Rick Davies. Hakuna viashiria vilivyopangwa mapema. Watu wanaulizwa swali moja la wazi: katika kipindi hiki, badiliko gani kwa maoni yako lilikuwa kubwa kuliko yote, na kwa nini? Visa vinakusanywa vingi. Kikundi cha kwanza kinakaa, kinabishana, kinachagua kimoja na kuandika sababu ya kukichagua. Kinapanda ngazi ya pili, wanafanya hivyo hivyo. Halafu sababu zinarudi chini, ili mwanakijiji ajue wakubwa walithamini nini na walipuuza nini. Kwetu ingekuwa hivi: vitongoji vichague, AMCOS ichague kati ya vya vitongoji, chama kikuu kisome vya AMCOS. Bodi haina mkono kwenye ngazi ya kwanza. Na chama kikuu kikichagua visa vya daraja na uanikaji peke yake na kuviacha vya makato, sababu itabidi iandikwe, na wanachama wataisoma.

Nachi Stesheni, hilo la mkubwa kukaa kimya nimelifikiria sana. Napendekeza wakati wa visa bodi ishuke kwenye meza kuu ikae kwenye viti vya wanachama, isijibu mpaka wote wamalize. Najua kuna wenyeviti watakaoona wamedhalilishwa. Lakini siku ile ya mzani, mwenyekiti alijibu vizuri kwa sababu alikuwa amelazimika kunyamaza muda mrefu.

#11 Mhasibu Masasi

Hapo umenisogeza, ingawa si mpaka mwisho. Ngazi za uchaguzi na sababu kuandikwa, hilo ni jambo la ukaguzi na mimi nalielewa. Nitaongeza sharti langu: kila kisa kinachogusa kilo au fedha kiambatane na karatasi ya msimuliaji, stakabadhi au malipo yake, na mhasibu wa chama afungue ukurasa wake kwenye daftari mbele ya watu. Yule mama alisema mzigo wake umepanda daraja. Vizuri, daftari litasema hivyo. Siku daftari litakaposema kitu kingine, chama kitakuwa kimepata kisa kikubwa kuliko cha uanikaji.

Kwenye makato bado nasimama pale pale. Nitaamini nikiona chama kikuu kimoja kimepunguza hata tozo moja kwa sababu ya kisa.

#12 Ngalawa

Sharti la Mhasibu ni zuri kwa korosho. Kwa wavuvi wa BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni) kwetu hakuna stakabadhi, samaki anauzwa mchangani. Sisi tutatumia mashahidi wawili.

#13 Kijana wa Mahuta

Wakuu, mimi ni mwanachama wa kawaida, nina miti niliyoachiwa na marehemu baba. Nikisimama kusema mzani utoke nje nitaambiwa kijana umetumwa. Mwenyekiti asipotaka kutoa nafasi ya visa nafanyaje?

#14 Mkorosho Mzee

Mdogo wangu, usisimame peke yako na usianze na mzani.

Anza kitongojini, sasa hivi kabla msimu haujafunguliwa. Kaeni watu mnaoaminiana, wawemo akina mama na angalau mzee mmoja ambaye bodi inamheshimu. Ulizaneni lile swali la badiliko kubwa, kila mtu aseme la kwake, mchague kimoja. Msitafute cha kumkomoa mtu. Hata kama kisa chenu kinahusu mzani, kianze pale mwenye mzigo alipoanzia, shambani, na kifike mzanini kwa wakati wake.

Halafu andikeni barua kwa katibu kabla tangazo la mkutano mkuu halijatoka, mwombe kipengele kimoja cha ajenda: visa vya wanachama, nusu saa, kabla ya taarifa ya bodi. Wekeni sahihi wote, nakala mpeleke kwa afisa ushirika wa wilaya. Barua ikipokelewa, mwombe katibu aigonge muhuri na akupe nakala. Akikataa kipengele, atalazimika kukataa kwa maandishi, na barua hiyo mtaisoma kwenye mengineyo.

Nitumie ujumbe ukishapata watu wa kukaa nao. Kata yako haiko mbali na ninapopita, nitakuja kukaa nyuma nisikilize.